Jinsi ya Kuunda Timu ya Ushindani katika Pokémon Showdown: Mwongozo Kamili wa Daraja la OU

Timu nyingi ambazo wasomaji hunitumia wakiomba msaada zina kasoro moja. Zimejaa Pokémon sita wenye nguvu, kila mmoja amechaguliwa kwa sababu aliwahi kumwadhibu mwenye timu katika pambano fulani, na hakuna hata mmoja ambaye kazi yake inamtegemea mwenzake. Timu ya namna hiyo hushinda mapambano machache ya mwanzo, kisha hukwama, na mwenyewe huanza kubadilisha Pokémon mmoja baada ya kila kushindwa hadi asijue tena timu yake ilikusudiwa kufanya nini.

Mwongozo huu unaanza upande mwingine: kwanza tunaamua timu itashinda kwa njia gani, kisha kila anayeongezwa anaingia kwa sababu ya kuisaidia njia hiyo. Nitajenga timu moja ya mfano kuanzia mwanzo hadi mwisho, katika daraja la OU (OverUsed, yaani la Pokémon wanaotumiwa sana) la kizazi cha tisa, kwenye Showdown, programu ya kupambanisha Pokémon mtandaoni. Pambano ni la Singles, yaani kila upande huwa na Pokémon mmoja uwanjani kwa wakati mmoja. Majina ya Pokémon, aina, mapigo na vifaa nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye programu, ili msomaji ayakute bila kubahatisha.

Vinavyohitajika

Andaa vitu hivi kabla ya kuanza:

- Akaunti ya Pokémon Showdown. Mchezo ni wa bure na huchezwa ndani ya kivinjari, hata cha simu, bila kusakinisha chochote. Sajili jina lako kwa neno la siri ili lisichukuliwe na mtu mwingine.
- Kurasa za Smogon, tovuti ya wachezaji wanaopanga madaraja haya, zinazomweleza kila Pokémon, pamoja na takwimu za matumizi zinazotolewa kila mwezi.
- Kikokotoo cha madhara cha Showdown, ambacho hukuonyesha pigo fulani litaondoa asilimia ngapi ya uhai wa mpinzani.
- Daftari na kalamu, au faili tupu kwenye simu. Hiki ndicho kifaa ambacho wengi hukidharau, na ndicho kitakachokuonyesha kwa nini unashindwa.

Onyo moja la mapema: timu unazounda huhifadhiwa ndani ya kivinjari unachotumia. Ukifuta kumbukumbu za kivinjari, au ukitumia kompyuta ya mtu mwingine, hutazikuta. Kila unapomaliza kazi, fungua Import/Export, nakili maandishi yote ya timu na uyaweke mahali salama, hata kwa kujitumia mwenyewe ujumbe.

Hatua ya 1: Fahamu utakutana na nani

Daraja la OU hupangwa kwa matumizi. Pokémon huhesabiwa kuwa wa OU akitumiwa kwa angalau asilimia 4.52, kiwango kilichochaguliwa kwa sababu mchezaji anayecheza mapambano 15 ana nafasi nusu kwa nusu ya kukutana naye angalau mara moja. Kwa hiyo takwimu za matumizi ni orodha ya mitihani utakayopewa.

Fungua takwimu za mwezi uliopita, chukua Pokémon 20 wa kwanza, na uandike kwa kila mmoja mambo matatu: aina zake, pigo lake linaloogopwa zaidi, na kama kasi yake ni kubwa au ndogo. Kazi hii huchukua jioni moja. Anayeiruka hujenga timu dhidi ya Pokémon walio kichwani mwake, ambao pengine hakuna anayewatumia tena.

Jua pia makatazo: hairuhusiwi kurudia Pokémon yuleyule, hairuhusiwi kutumia mapigo ya kuua moja kwa moja wala yanayoongeza uwezo wa kukwepa, na kuna vizuizi juu ya kulaza. Orodha ya Pokémon waliopigwa marufuku hubadilika kadiri wachezaji wanavyopiga kura, hivyo usiikariri. Kitufe cha Validate ndani ya Teambuilder, sehemu ya programu ya kuundia timu, kitakuambia kama timu yako inakubalika siku hiyo.

Hatua ya 2: Chagua njia ya kushinda

Andika sentensi moja tu inayoanza na maneno "Timu hii inashinda pale ambapo". Ukishindwa kuikamilisha, usimwongeze Pokémon yeyote.

Sentensi yetu ya mfano ni hii: timu hii inashinda pale ambapo wapinzani wamechoshwa na kupunguzwa, na Kingambit anaingia mwishoni kuwamaliza waliobaki.

Kingambit ni wa aina ya Dark na Steel. Nguvu zake za msingi za kushambulia ni 135, lakini kasi yake ni 50 tu, ambayo ni ndogo. Mambo mawili humfanya awe mmalizaji mzuri licha ya uzito huo. La kwanza ni kipaji chake, Supreme Overlord, kinachoongeza nguvu za mapigo yake kwa asilimia 10 kwa kila mwenzake aliyeanguka, hadi asilimia 50. La pili ni pigo la Sucker Punch, ambalo humtangulia mpinzani mwenye kasi zaidi, mradi mpinzani huyo naye amechagua kushambulia katika zamu hiyo.

Mapigo yake yatakuwa Swords Dance, ambalo humwongezea nguvu za kushambulia, Kowtow Cleave, Iron Head na Sucker Punch. Zingatia kwamba Sucker Punch hutumika mara 8 tu katika pambano zima, na hushindwa kabisa mpinzani akichagua pigo lisilo la kushambulia. Wachezaji wazoefu hutumia zamu kama hizo kukumalizia hesabu hiyo, na ndiyo maana Kowtow Cleave, ambalo halikosi shabaha, lazima liwepo pia.

Mafanikio ya hatua hii: unaweza kumweleza rafiki, kwa pumzi moja, timu yako inatarajia kushinda vipi na katika sehemu gani ya pambano.

Hatua ya 3: Orodhesha wanaoizuia njia hiyo

Sasa geuka na uwe adui wa mpango wako mwenyewe. Nani humzuia Kingambit?

Kwanza, wote wenye mapigo ya Fighting, kwa sababu pigo hilo humuumiza mara nne: Great Tusk, Iron Valiant, Zamazenta, na hata Corviknight anayebeba Body Press. Pili, mapigo ya Ground na Fire, ambayo humuumiza mara mbili. Tatu, anayemuunguza kwa Will-O-Wisp, kwa sababu kuungua hupunguza nusu ya nguvu za mapigo ya mwili (Physical). Nne, Dondozo mwenye kipaji cha Unaware, ambaye hajali umeongeza nguvu mara ngapi kwa Swords Dance.

Orodha hii ndiyo inayochagua wenzake. Hapa ndipo timu nyingi ninazotumiwa zinapoharibikia, kwa kuwa mwenye timu huchagua Pokémon wa pili kwa kigezo kilekile cha wa kwanza, yaani nguvu, badala ya kuuliza ni mlango upi uliobaki wazi.

Hatua ya 4: Ongeza wenzake, mmoja mmoja, kila mmoja kwa sababu

Wa pili: Slowking wa Galar, anayeonekana kwenye programu kama Slowking-Galar. Kwa kuwa ni Poison na Psychic, pigo la Fighting humpata kwa robo tu ya nguvu zake. Kipaji chake cha Regenerator humrudishia theluthi ya uhai kila anapotoka uwanjani, hivyo anaweza kuingia mara nyingi bila kuchoka. Lakini faida yake kubwa ni Future Sight. Pigo hili halitui papo hapo: ukilitumia zamu ya kwanza, linatua mwishoni mwa zamu ya tatu.

Fikiria mtiririko huu. Zamu ya kwanza Slowking anatumia Future Sight. Zamu ya pili anatumia Chilly Reception, pigo linalomtoa uwanjani na kukuruhusu kumwingiza mwenzake, na kwa kuwa Slowking ni mzito, mara nyingi mpinzani ameshapiga kabla Kingambit hajaingia. Zamu ya tatu mpinzani anataka kumwingiza Great Tusk kumzuia Kingambit, lakini akifanya hivyo, pigo la Psychic lenye nguvu 120 linamtua mtu wa aina ya Fighting ambaye ulinzi wake dhidi ya mapigo ya mbali (Special) ni 53 tu. Pokémon wawili wazito, ambao kila mmoja peke yake hukimbiwa kirahisi, wamegeuka kuwa mtego kwa sababu ya mpangilio. Huku ndiko kutegemeana ninakokutafuta katika kila timu.

Tahadhari: Future Sight haimgusi yeyote wa aina ya Dark, kwa hiyo Kingambit wa mpinzani ataingia bila hofu. Hilo linatupeleka kwa wa tatu.

Wa tatu: Great Tusk. Ni Ground na Fighting, na Close Combat yake humwangusha Kingambit wa upande wa pili. Zaidi ya hapo, anabeba kazi mbili ambazo timu haiwezi kuzikosa: kutega Stealth Rock na kuondoa mitego ya mpinzani kwa Rapid Spin. Pigo lake la nne ni Headlong Rush.

Usiichukulie mitego kama pambo. Stealth Rock huondoa asilimia 12.5 ya uhai wa kila anayeingia ikiwa aina ya Rock humuumiza kwa kawaida, asilimia 25 kwa Dragonite, na asilimia 50 kwa Volcarona. Mpinzani aliyepaswa kubaki na asilimia 8 ya uhai baada ya pigo la Kingambit sasa anaanguka. Ukijumlisha idadi ya watu wanaoingia na kutoka katika pambano zima, mara nyingi jiwe hilo ndilo lililofanya kazi kubwa kuliko mshambuliaji yeyote.

Wa nne: Corviknight. Kingambit na Slowking wote wanaumizwa na Ground, na Corviknight, kwa kuwa ni Flying, haguswi na aina hiyo kabisa. Hujiponya kwa Roost, hutoka uwanjani kwa U-turn huku akimjeruhi mpinzani, na Brave Bird yake huwapata wenye Fighting. Pigo lake la nne liwe Body Press.

Wa tano: Dragapult. Hadi hapa timu yetu ni nzito, na timu nzito isiyo na mtu mwepesi huangamia mbele ya mpinzani mmoja aliyejiongezea nguvu. Kasi ya msingi ya Dragapult ni 142. Mpe Choice Specs, kifaa kinachozidisha nguvu za mapigo yake ya mbali kwa 1.5 lakini kinachomfunga kwenye pigo moja hadi atoke, pamoja na Draco Meteor, Shadow Ball, Flamethrower na U-turn. Flamethrower ipo kwa ajili ya Corviknight wa mpinzani na wenzake wa Steel.

Wa sita: Ogerpon mwenye Wellspring Mask. Hakuna hata mmoja kati ya watano aliyeweza kuingia kwa raha mbele ya mapigo ya Water isipokuwa Dragapult, ambaye hatutaki kumchosha kwa kazi hiyo. Ogerpon huyu ana Water Absorb, hivyo Water humponya badala ya kumuumiza, na Ivy Cudgel yake huvunja ukuta wa wengi ambao Kingambit asingewapenda, Dondozo akiwa mfano mmoja kwa msaada wa Horn Leech ya aina ya Grass.

Hatua ya 5: Kagua udhaifu wa timu nzima

Chora jedwali: safu 18 za aina, na nguzo sita za Pokémon wako. Weka alama ya kujumlisha kwa anayestahimili, alama ya kutoa kwa anayeumizwa.

Kanuni yangu ni kwamba kila aina inayowaumiza wawili au zaidi lazima iwe na angalau mmoja anayeistahimili, na ikiwa ni mmoja tu, jina lake liandikwe pembeni kwa wino mzito. Katika timu yetu, kwa mfano, Ghost huwaumiza Slowking na Dragapult, na anayeistahimili ni Kingambit peke yake. Fire huwaumiza Kingambit na Corviknight, na anayeistahimili ni Dragapult peke yake.

Hii haimaanishi kuwa timu ni mbovu, kwani timu ya watu sita haiwezi kuziba kila tundu. Inamaanisha kwamba mpinzani akionyesha mshambuliaji wa Fire mwanzoni mwa pambano, uhai wa Dragapult umekuwa na thamani maradufu, na hutamtumia ovyo hadi huyo aondoke. Mchezaji asiyejua hili humpoteza Dragapult katika zamu ya tano, kisha hulaumu bahati.

Hatua ya 6: Gawa EV kwa hesabu

EV ni alama za mafunzo unazozigawa kwenye sifa za Pokémon kama uhai (HP), nguvu (Attack) na kasi (Speed). Kila Pokémon anaruhusiwa jumla ya EV 510, na sifa moja haiwezi kuzidi 252. Katika kiwango cha 100, kila EV 4 huongeza alama moja. Wengi huweka 252 mahali pawili na 4 mahali pengine bila kufikiri. Kwa Dragapult hilo ni sahihi, kwa sababu anataka kasi yote, na akiwa na tabia (Nature) ya Timid, inayoongeza kasi, hufikia 421. Kwa wengine kuna namna bora.

Kanuni ya kasi ni hii: zidisha kasi ya msingi kwa 2, ongeza IV, yaani alama ya kuzaliwa nayo, ambayo kwa kawaida ni 31, ongeza EV zilizogawanywa kwa 4, ongeza 5, kisha zidisha kwa 1.1 ikiwa tabia yake inaongeza kasi au kwa 0.9 ikiwa inaipunguza.

Tuijaribu. Corviknight ana kasi ya msingi 67, na wengi hawampi EV za kasi, kwa hiyo hupata 134 + 31 + 5, yaani 170. Kingambit bila EV hupata 100 + 31 + 5, yaani 136. Ili amtangulie Corviknight anahitaji 171, maana yake alama 35 zaidi, ambazo ni EV 140. Mpe basi 252 kwenye Attack, 140 kwenye Speed, na 116 kwenye HP, pamoja na tabia ya Adamant, inayoongeza Attack. Uhai wake unakuwa 370, na Leftovers zinamrudishia 23 kila zamu.

Fanya hivyohivyo kwa kila mmoja: chagua mtu unayetaka kumtangulia au pigo unalotaka kulinusurika, tafuta idadi ndogo kabisa ya EV inayotosha, na ubaki na ziada ya kuipeleka kwingine. Ukitumia kikokotoo cha madhara, kumbuka kwamba kila pigo hubahatishwa kati ya asilimia 85 na 100 ya nguvu zake. Ukiona kuwa pigo huua katika kiwango cha juu tu cha wigo huo, usilihesabu kama pigo linaloua.

Hatua ya 7: Amua Tera kabla ya kuingia uwanjani

Kila timu huruhusiwa kubadili aina ya Pokémon mmoja mara moja tu katika pambano, na badiliko hilo huitwa Tera. Kingambit wetu apewe Tera ya Flying. Kwa kufanya hivyo Ground haimgusi, Fighting inampata kwa nusu, na bado mapigo yake ya Dark na Steel yanabaki na nyongeza ya nguvu inayotokana na aina zake za asili. Adui aliyemhifadhi Great Tusk pambano zima kwa ajili yake anajikuta amehifadhi silaha isiyokata.

Wape wengine Tera pia, lakini iandike kwenye daftari kwamba ni ya Kingambit isipokuwa bila kuitumia kwingine utashindwa papo hapo. Kuitumia mapema kwa kumwokoa Pokémon asiye wa lazima ni kosa ninaloliona mara nyingi kuliko lolote lingine katika rekodi za mapambano ninazotumiwa.

Hatua ya 8: Jaribu bila kubadilisha chochote

Bonyeza Validate, chagua daraja, na ucheze mapambano 20 na timu hiyohiyo. Ngazi ya ushindani huanza alama 1000. Cheza mtandao ukiwa tulivu, kwa sababu mpinzani akiwasha Timer, saa inayohesabu muda wa kila zamu, na wewe ukakatika, unapoteza pambano ambalo halikukufundisha kitu.

Timu zote mbili huonyeshwa kabla ya zamu ya kwanza. Tumia muda huo kujibu maswali mawili: nani upande wa pili anamzuia Kingambit, na nani kati yangu atamwondoa huyo?

Baada ya kila kushindwa, hifadhi rekodi ya pambano, iangalie tena, na uandike mstari mmoja daftarini ukichagua sababu moja kati ya tatu: nilicheza vibaya, bahati ilinikataa, au timu haikuwa na jibu. Kuwa mkweli hapa. Sababu ya kwanza ndiyo itakayojaa kurasa, na haiponywi kwa kubadilisha Pokémon.

Mapambano 20 yakitimia, hesabu mistari ya sababu ya tatu. Jina lilelile likijitokeza mara tatu au zaidi, una tatizo halisi la timu. Anza kwa kubadilisha pigo moja, kwa mfano kumpa Great Tusk Knock Off badala ya Close Combat ikiwa Ghost wanamzuia kutumia Rapid Spin, maana pigo hilo la Rapid Spin haliwagusi. Pigo lisiposaidia, badilisha EV au kifaa. Kumbadilisha Pokémon mzima kuwe hatua ya mwisho, na ukifika hapo, rudi kwenye jedwali la Hatua ya 5 na ulichore upya, kwa sababu kila anayetoka huondoka na kinga ambayo mwenzake alikuwa akiitegemea.

Utajua timu imekaa sawa pale ambapo, ukitazama Pokémon sita wa mpinzani kabla ya zamu ya kwanza, unaweza kuandika mpango wa mistari miwili, na katika mapambano mengi unayoshinda, pigo la mwisho linakuwa la Kingambit.